Kinachobaki Mezani Pakiti Ikishachanwa

Jumamosi alasiri humpeleka mpwa wangu kwenye duka la michezo ya mezani hapa Leicester, Uingereza, mtaa wa pili kutoka tunakoishi. Ana miaka tisa. Nyuma ya duka kuna meza moja ndefu ambayo watoto na watu wazima huizunguka, wakichana pakiti za kadi za Pokémon, mchezo wa viumbe wa kubuni kutoka Japani, na kuzipanga kadi zao. Wiki tatu zilizopita alinunua pakiti mbili kwa pesa alizopewa sikukuu, akazichana, na hakupata kitu. Nasema hakupata kitu kwa jinsi wanavyosema wao. Kadi ishirini zilitoka, ila kumi na mbili alikuwa nazo tayari, na katika nane zilizobaki haikuwamo ile aliyoiwaza wiki nzima. Akaziweka chini, akanyamaza. Mzee mmoja aliyeketi upande wa pili, ambaye hadi leo hatumjui jina, akafungua faili lake, akachomoa kadi nne na kuzisogeza mpaka mbele ya mtoto. "Unajenga timu ya maji, sivyo? Hizi zitakufaa." Mpwa wangu akanitazama usoni. Nikamwambia apokee kwa mikono miwili na aseme ahsante.

Mambo mawili yalitokea pale kwa muda usiozidi dakika tano: mmoja alichana, mwingine akatoa. Wanaozishutumu kadi hizi husema ni kamari ya watoto. Wanaozitetea husema ni mchezo tu. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba wote wanasema kweli, isipokuwa kila mmoja anatazama upande wake wa meza. Pakiti ikichukuliwa peke yake ni tiketi ya bahati nasibu. Inageuka mchezo pale inapokutana na watu wengine, na hasa inapokutana na mkono unaotoa kadi bila kudai kitu. Mkono huo siku hizi unabanwa, na ndio ninaoutetea hapa.

Tuanze na pakiti yenyewe. Kadi za Pokémon zilitoka Japani Oktoba 1996, na za Kiingereza zikafuata Januari 1999 zikichapishwa na kampuni ya Marekani, Wizards of the Coast. Pakiti ya wakati ule ilikuwa na kadi 11: saba za kawaida, tatu zisizo za kawaida sana, na moja adimu. Pembeni kabisa, chini, kila kadi ilibeba alama yake, yaani duara, almasi au nyota, na mtoto aliyejua kuzisoma alama hizo alijua thamani ya alichokishika hata kama hajui kusoma Kiingereza. Leo pakiti ina kadi kumi za kuchezea, na tangu mwaka 2023 angalau tatu huwa za kung'aa. Mng'ao umeongezwa, lakini kanuni ni ileile. Mnunuzi hauziwi kadi anayoitaka, anauziwa kutojua. Na ukiuza kutojua, lazima watu wapate vitu walivyo navyo tayari. Kadi zilizojirudia ni sehemu ya mtambo, na kampuni inalijua hilo tangu siku ya kwanza.

Kujirudia kwenyewe kunagharimu kiasi gani? Kwa hilo mfano bora ni stika za mpira za Panini, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Ndugu wa familia ya Panini, waliokuwa na kibanda cha magazeti mjini Modena, Italia, walianza biashara ya stika mwaka 1961, na albamu yao ya kwanza ya Kombe la Dunia ilikuwa ya Mexico 1970. Albamu ya mwaka 2018 ilikuwa na stika 682, na kila pakiti ilikuwa na tano. Tuseme kila stika ina nafasi sawa ya kutoka, na mkusanyaji amejifungia ndani, habadilishani na mtu. Nusu ya kwanza ya albamu itajaa kwa pakiti 95 hivi. Hapo mtu anajiona yuko karibu kufika. Lakini albamu nzima inahitaji wastani wa pakiti 967, na stika ya mwisho peke yake, ile moja iliyobaki, inahitaji wastani wa pakiti 136. Kwa bei ya Uingereza ya mwaka ule, senti 80 kwa pakiti, ni zaidi ya pauni 770 kwa albamu moja ya mtoto.

Sasa wawili wakikaa pamoja, mambo yanabadilika kabisa. Stika zilizomjaa huyu ndizo zinazomkosa yule, na albamu ya pili inagharimu chini ya nusu ya ile ya kwanza. Wakiwa kumi, gharama ya kila mmoja inaporomoka zaidi. Watoto wa Italia wana msemo wao wa uwanja wa shule, unaotamkwa haraka huku kidole gumba kikipitisha stika moja baada ya nyingine: "celo, celo, manca", ninayo, ninayo, sina. Katika maneno hayo matatu kuna hesabu yote niliyoieleza hapo juu. Mtambo uliojengwa ili ununue pakiti 967 unashindwa na watoto wawili waliokaa kwenye ngazi za shule.

Pokémon ina jambo la ziada, kwa sababu kutoa kulikuwamo ndani yake kabla kadi hazijachapishwa. Muasisi wake, Satoshi Tajiri, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akikusanya wadudu. Alipoona Game Boy mbili, zile mashine ndogo za michezo za mkononi, zikiunganishwa kwa waya, aliwaza mdudu akitambaa ndani ya ule waya kutoka mashine moja kwenda nyingine. Mchezo wake wa Game Boy uliotoka Februari 1996 ulikuja kwa matoleo mawili, Nyekundu na Kijani, na kwa makusudi kila toleo lilinyimwa baadhi ya viumbe vya mwenzake. Hakuna aliyeweza kukamilisha peke yake. Zaidi ya hapo, kuna viumbe ambavyo havikui mpaka vikabidhiwe kwa mtu mwingine. Kadabra ni mmojawapo. Unaweza kumfundisha miezi sita, umpiganishe kila siku, atabaki Kadabra. Siku utakayompitisha kwenye waya kwenda kwa rafiki, anafika upande wa pili akiwa Alakazam.

Ukichukua orodha ya toleo la kwanza la kadi za Kiingereza, lenye kadi 102, namba 1 ni Alakazam. Najua sababu ni alfabeti tu, jina lake linaanza na A. Bado hunigusa kwamba mlangoni mwa mkusanyo mzima amekaa kiumbe ambaye, kwa sheria ya mchezo uliomzaa, hawezi kuwapo bila mtu kumwachia mwenzake.

Na sheria za mchezo wa kadi zenyewe zinaelekea hukohuko. Mchezaji huingia na kadi 60, na haruhusiwi kuwa na zaidi ya kadi nne zenye jina moja, ukiacha zile za nishati ya msingi, zinazompa kiumbe nguvu ya kushambulia. Maana yake ni kwamba nakala ya tano haina kazi mkononi mwangu. Naweza kuiweka ndani ya kisanduku, naweza kuiuza kwa senti, lakini siwezi kuichezea. Kwa mtoto aliyeanza juzi na ana moja tu, nakala hiyohiyo inaamua kama timu yake itasimama au haitasimama. Sijui kitu kingine cha dukani ambacho thamani yake huporomoka kwangu na kupanda kwa mwenzangu kwa tofauti kubwa hivyo, tena kwa kuvuka meza tu. Yule mzee hakuhitaji kuwa tajiri wala mtakatifu ili atoe zile kadi nne. Alikuwa na za tano, sita na saba.

Huku kwetu Waswahili tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli, ila kutoa kuna utaratibu wake pia, na utaratibu wa meza ile ulinishangaza. Mimi nimekulia Tanga. Najua daftari la michango ya harusi. Fulani alileta doti ya khanga, fulani shilingi kadhaa, fulani kreti za soda, na siku yake ikifika familia hufungua daftari na kuangalia alileta nini. Hakuna ubaya wowote katika hilo, ndivyo ujirani unavyoshonwa. Basi Jumamosi iliyofuata nilimwambia mpwa wangu achague kadi moja nzuri ampelekee mzee yule, tusionekane watu wa kupokea tu. Mzee aliitazama, akaisifu, akamrudishia. Akamwambia, "Mwekee mtoto mwingine atakayekuja mgeni."

Daftari letu humrudishia aliyetoa, la meza ile linapeleka mbele, kwa mtu ambaye bado hajafika. Nimefuatilia, na nimeona si mzee yule peke yake. Wakusanyaji wa muda mrefu wana kisanduku wanachokiita cha wageni, ndani yake kadi za kawaida, nishati za msingi na kava zilizotumika ambazo bado ni nzima. Mtoto akija na mzazi wake kwa mara ya kwanza, anaondoka na kadi za kutosha kucheza hata kama hakununua pakiti. Mwenye duka halalamiki, kwani anajua mtoto huyo atarudi. Nadhani sababu ya kupeleka mbele badala ya kurudisha ni hiyo nakala ya tano. Mzee hana haja na kadi ya mpwa wangu, anazo zote. Anachokihitaji, na pakiti haiwezi kumpa, ni mtu wa kucheza naye mwakani.

Kutoa si njia pekee. Kuna kununua kwa ushirika, na hapo nimeona jambo linalofanana sana na upatu wa kina mama wa nyumbani. Boksi kamili lina pakiti 36. Mwezi wa Machi watu wazima sita wa meza ile walichanga sawasawa, wakanunua boksi moja, na badala ya kugawana pakiti sita sita waligawana aina. Huyu atachukua kadi zote za moto, huyu za maji, huyu za majani, na kuendelea. Kwa mpango huo hakuna anayekwenda nyumbani na kadi asizozitaka, na pakiti zote huchanwa mbele ya wote, kwa hiyo furaha ya kila pakiti ni ya watu sita. Ni mpango mzuri sana. Tatizo lilikuja kwenye pakiti ya 29. Ilitoka kadi ya mkufunzi, yaani kadi yenye picha ya binadamu badala ya kiumbe, na ndiyo ikawa ya thamani kuliko zote kwenye boksi. Katika mgawo wao hakuna aliyekuwa ametajiwa wakufunzi. Kila mmoja akapata hoja. Wakazungumza kwa adabu, kisha kwa sauti, na wawili kati yao hadi leo hawakai upande mmoja wa meza.

Upatu hauna hatari hiyo, kwa sababu kila mwanachama, zamu yake ikifika, anapokea kiasi kilekile. Boksi la kadi ni upatu ambao fungu moja linaweza kugeuka mara hamsini ya mengine, na hakuna anayejua ni lipi mpaka karatasi ichanwe. Ndiyo maana mapatano lazima yafanyike kabla, yaandikwe, na yataje pia yale ambayo hakuna anayedhani yatatokea. Siku hizi wale wanne waliobaki huandika nyuma ya risiti ya duka: nani anachukua nini, na kitakachotoka nje ya orodha kipigiwe kura ya vijiti. Nimeiona risiti moja. Ina mistari tisa na sahihi nne.

Nikiulizwa nini hasa kimeibana meza, nitasema bei. Bei imekuwapo muda wote, ila sasa iko mfukoni mwa kila mtu. Kadi inatoka kwenye pakiti, simu inapigishwa picha, namba inatokea. Kabla mtoto hajasema "angalia mabawa yake", mtu wa pembeni ameshasema ni pauni kumi na nne. Nimewaona watu wazima wakichana pakiti bila kuitazama hata picha moja, wakipitisha kadi kama karani anayehesabu noti. Kuna wanaoivisha kadi kava papo hapo na kuipeleka kwa kampuni za kupima ubora, kama PSA ya Marekani iliyoanza mwaka 1991, ikafungwe ndani ya plastiki ngumu na kupewa alama kati ya moja na kumi. Kadi iliyofungwa hivyo haichezwi tena. Haipigi, haipigwi, haikai ndani ya timu.

Kadi ya Pokémon iliyovuma kwa bei kuliko nyingine ina historia ambayo walanguzi hawaitaji. Inaitwa Pikachu Illustrator. Mwaka 2021 Mmarekani Logan Paul, aliyepata umaarufu kwa video za YouTube, aliipata kwa makubaliano yaliyohesabiwa kuwa dola 5,275,000. Kadi hiyo haikuwahi kutoka kwenye pakiti yoyote. Mwaka 1997 na 1998 gazeti la katuni la watoto la Japani, CoroCoro, liliendesha mashindano ya kuchora, na washindi 39 walitumiwa kadi hiyo kama tuzo. Picha yake ilichorwa na Atsuko Nishida, msanii aliyembuni Pikachu mwenyewe. Ilikuwa shukrani kwa mtoto aliyekaa chini akachora. Pesa zote zile zilikuja kukaa juu ya kitu kilichotolewa bure.

Mwaka huohuo wa 2021, mwezi Mei, maduka ya Target nchini Marekani yalisitisha kuuza kadi za wanamichezo na za Pokémon madukani mwake baada ya watu kupigana kwa ajili ya kadi kwenye maegesho huko Wisconsin na mmoja wao kutoa bastola. Agosti 2025 McDonald's ya Japani ilitoa kadi za Pokémon pamoja na mlo wa watoto. Walanguzi walinunua milo kwa wingi, wakachukua kadi, na chakula kikaonekana kimetupwa. Kampuni iliomba radhi. Habari hizo mbili zimeandikwa sana kama vituko vya watu waliopagawa. Kwangu ni matokeo ya kawaida ya pakiti iliyokatwa kutoka kwenye meza. Ukishaondoa kubadilishana na kutoa, kilichobaki ni tiketi, na tiketi huvutia wenye foleni ndefu na mifuko mikubwa. Mtoto aliyetaka mlo wake na kadi yake hana nafasi kwenye foleni hiyo.

Hata hivyo sitaki kudanganya kwamba zamani, bila simu, mambo yalikuwa safi. Meza isiyojua bei ina ubaya wake, na ubaya huo huwaangukia wadogo. Mwaka jana, siku ambayo nilichelewa kazini na mpwa wangu alikuja na jirani, kijana mkubwa alimshawishi abadilishe kadi ya joka inayong'aa kwa kadi tatu zisizo na thamani. Alimwambia tatu ni nyingi kuliko moja. Mtoto wa miaka minane atabishaje hesabu hiyo? Aliporudi nyumbani alikuwa na furaha, akanionyesha zote tatu, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia kitu mpaka kesho yake. Tangu hapo mwenye duka ameweka utaratibu kwamba aliye chini ya miaka 12 habadilishani bila mzazi au mlezi kuona. Nauunga mkono kabisa. Kwenye kubadilishana, bei ijulikane, na aliye mkubwa awe wa kwanza kuitaja.

Tofauti ninayoitafuta iko hapo. Kubadilishana ni biashara, hata ikiwa ya watoto, na biashara inahitaji mizani. Kutoa hakuhitaji mizani, na mtu akiingiza mizani humo anaharibu kutoa kwenyewe. Anayempa mtoto kadi kisha akamwambia "unajua hii ni pauni sita?" ameshageuza zawadi kuwa deni. Simu iwe mezani wakati wa kubadilishana, irudi mfukoni wakati wa kutoa. Si rahisi, najua, lakini nimewaona wanaoweza.

Hata programu ya simu iliyojaribu kuuza pakiti bila meza ililazimika kurudi nyuma. Pokémon TCG Pocket ilitoka Oktoba 30, 2024. Mtu hupewa pakiti mbili za bure kwa siku, kadi tano kila moja, na anazichana kwa kidole juu ya kioo, karatasi ikichanika kwa sauti iliyorekodiwa. Miezi mitatu ya mwanzo hakukuwa na njia ya kubadilishana. Ilipokuja, mwishoni mwa Januari 2025, ilidai vibali maalumu, na ili uvipate ulitakiwa kuziangamiza kadi zako nyingine. Fikiria. Ili umpe rafiki yako kadi, sharti uchome kadi zako kwanza. Malalamiko yalikuwa makubwa na ya haraka, kampuni ikakiri, na katikati ya mwaka vibali hivyo vikaondolewa. Baadaye mwaka huohuo ikaongezwa njia ya kumpa rafiki kadi bila yeye kulipa na kadi nyingine. Watu walikuwa wanapewa pakiti bure kila siku, na bado walichokipigania ni ruhusa ya kutoa.

Kuhusu kamari, mahakama za Marekani zimeshasema neno lao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wazazi na wanunuzi kadhaa walishitaki kampuni za kadi, ikiwamo Nintendo, wakisema kadi adimu zilizotiwa kwa kubahatisha ni kamari. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya California na majimbo jirani iliwakatalia: mnunuzi aliyekosa kadi aliyoitarajia hajapata hasara ya mali, kwani alilipia pakiti na nafasi, na vyote viwili alipewa. Kisheria naielewa hoja hiyo. Kama mlezi, naona imemwachia mtoto kazi ya kujua nafasi yake ni ndogo kiasi gani, na hakuna anayemwambia. Kampuni ya Topps huchapa kwenye pakiti zake za wanamichezo uwezekano wa kupata kadi adimu, moja katika pakiti kadhaa. Programu ya simu ya Pokémon nayo huonyesha asilimia. Pakiti ya karatasi ya Pokémon, ile inayonunuliwa na watoto wa miaka tisa kwa pesa za sikukuu, haina hata mstari mmoja. Wachape. Nafasi ipo, pembeni mwa anwani ya kiwanda.

Maduka nayo yana uwezo kuliko yanavyojiona. Baadhi ya maduka ya Japani huondoa nailoni ya nje ya boksi mbele ya mnunuzi, kwa sababu boksi lisilo na nailoni halimvutii mlanguzi, na kwa mtu wa kuchana halipungukiwi kitu. Ni jambo la sekunde kumi. Duka letu limefanya jingine dogo zaidi: pakiti mbili kwa kila mtu kwa siku, na anayechania hapohapo mezani anapewa kava tano bure. Tangu utaratibu huo uanze meza imejaa mpaka viti vya stoo vinatolewa.

Hadi Machi 2025 zilikuwa zimechapishwa kadi za Pokémon zaidi ya bilioni 75, katika lugha 16. Kiswahili hakimo. Binamu za mpwa wangu walioko Tanga hawana duka la kununulia pakiti, na sijui kama wangekuwa na pauni nne na kitu za kununua moja. Kadi walizo nazo ni zile ninazowapelekea likizoni, za kawaida, zilizojirudia, zilizotoka kwenye visanduku vya watu wa meza ile waliosikia nina safari. Mara ya kwanza hawakujua sheria, wakatunga zao: kila mtu anaweka kadi moja, mwenye namba kubwa ya uhai anachukua zote. Mara ya pili niliwakuta wameandika tafsiri ya mashambulizi kwa penseli kwenye vipande vya karatasi na kuvigandisha nyuma ya kava. "Mkia wa chuma." "Bubujiko." Wakusanyaji wa Leicester wangezimia kuona gundi karibu na kadi. Mimi nilikaa barazani nao hadi adhana ya magharibi.

Safari ya mwaka huu ni wiki ijayo. Juzi usiku mpwa wangu alimwaga kadi zake zote kitandani, akaanza kuchagua za kupeleka. Nilimkuta ameshika Kadabra mbili, za toleo la 2023 lililomrudisha baada ya miaka mingi ya kutochapishwa kwa sababu ya kesi ya Uri Geller, mtu wa kupinda vijiko, aliyedai jina la kiumbe huyo kwa Kijapani limetokana na lake. Geller aliliachia mwaka 2020, na watoto wakampata tena. Mpwa wangu aliniuliza kama hadithi niliyomweleza, ya waya na Game Boy, ni ya kweli. Nikamwambia ni ya kweli. Akaiweka moja kwenye kisanduku chake. Ya pili akaivisha kava mpya, ile ambayo hajawahi kuitumia, akaandika jina la binamu yake juu ya bahasha na kuitia humo.

"Mjomba," akasema, "hii usiitoe njiani. Ifike kwanza."

Bahasha iko ndani ya begi la mkononi, katikati ya pasipoti na dawa za bibi yake.